Mwanya wa Paa na Bati Lililofutwa: Uchambuzi wa Kisa cha Ofisi Moja ya Usanifu Majengo

Kisa hiki kinahusu ofisi ndogo ya usanifu majengo na jengo moja ililolichora, yaani ukumbi wa kusomea wa chuo. Nilikifahamu kwa karibu kwa sababu chuo kiliniita kulitathmini jengo lilipotimiza mwaka mmoja likitumika, na karibu wote waliohusika walikubali kunieleza walichofanya na kwa nini. Majina ya watu, ofisi, chuo na mahali yameondolewa, na mambo machache ambayo yangemtambulisha mtu yamebadilishwa. Nawaandikia wasanifu vijana, na pia wale wanaoandaa wasifu wa ofisi kwa ajili ya zabuni, kwa kuwa shida yote ilianzia kwenye wasifu.

## Usuli: ofisi na wasifu wake

Mwanzilishi wa ofisi, nitakayemwita Msanifu Mkuu, ni mtu mwenye kipaji na jina. Chini yake walikuwapo wasanifu watatu waliosajiliwa, wahitimu wawili waliokuwa mafunzoni, na mchoraji mmoja, mwanamama mwenye stashahada, ambaye kwa miaka mingi karibu michoro yote ya utekelezaji ilipita mikononi mwake. Nitamwita Mchoraji. Mhandisi wa miundo na mkadiriaji majenzi walikodiwa kwa kila kazi.

Wasifu wa ofisi ulikuwa na sehemu tatu, kama zilivyo nyingi: watu, kazi, na majengo ambayo ofisi huchota mawazo kwayo. Sehemu ya watu ilikuwa picha kubwa ya Msanifu Mkuu na mstari mmoja kuhusu "timu yenye uzoefu". Sehemu ya kazi iliweka jina moja tu chini ya kila jengo, lilelile. Sehemu ya tatu ndiyo iliyowavutia watu. Ilikuwa na picha tatu: jumba la sanaa la Kimbell huko Fort Worth, Marekani, lililosanifiwa na Louis Kahn na kufunguliwa mwaka 1972, shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, ya Francis Kéré, iliyokamilika mwaka 2001, na jengo la Eastgate, Harare, la Mick Pearce, la mwaka 1996. Kila picha ilikuwa na sentensi moja ya sifa. Ya Kimbell ilisema "mwanga wa rangi ya fedha unaoteleza juu ya zege". Ya Eastgate ilisema "jengo linalopumua kama kichuguu".

Chuo kilikuwa eneo la tropiki, joto karibu mwaka mzima. Kilitaka ukumbi wa kusomea usiohitaji viyoyozi na usiowasha taa mchana. Kamati ya chuo ilipopitia wasifu, mwenyekiti wake aliweka kidole kwenye picha ya Kimbell na kusema wanataka mwanga kama ule. Ofisi ikapata kazi.

## Kisa kilivyokwenda

Msanifu Mkuu alichora makuba matatu marefu mfano wa yale ya Kimbell, yaani paa zilizopinda kama pipa lililopasuliwa kwa urefu, yaliyolala sambamba, kila moja likiwa na mwanya wa kioo uliopita utosini kutoka mwisho hadi mwisho. Mchoro ulipendeza mno. Chuo kiliuchapa kwenye bango na kulisimamisha langoni kabla hata michoro ya utekelezaji haijaanza.

Wa kwanza kusema neno alikuwa mhandisi wa miundo. Aliandika barua fupi akieleza kwamba kuba la kawaida husimama kwa sababu pande zake mbili zinasukumana utosini, na ukilipasua pale hasa ndipo unapoliondolea nguvu. Makuba ya Kimbell yanaweza kupasuliwa kwa kuwa, kwa namna yanavyobeba mzigo, si makuba. Ni magamba ya zege yanayofanya kazi kama mihimili mirefu, kila moja likiwa na urefu wa mita 30 hivi na kuegemea nguzo nne tu za pembeni, na hesabu zake zilifanywa na mhandisi August Komendant. Kwa fedha zilizokuwapo, alishauri matao ya chuma yaliyofunikwa kwa mabati na kupigwa dari nyeupe kwa ndani. Umbo lingebaki, muundo ungekuwa mwingine. Msanifu Mkuu alikubali siku hiyohiyo.

Kisha yakaja makadirio, na gharama ikazidi bajeti. Mkadiriaji majenzi alipitia jedwali la vipimo akitafuta cha kupunguza. Akakuta kipengele kimoja cha bei kubwa: mabati ya alumini yenye matundu madogo, yaliyopinda kama mbawa, yaning'inizwe chini ya mwanya katika urefu wote wa kila kuba. Kwenye mchoro kipengele hicho kiliandikwa "pambo la dari, alumini". Mkadiriaji alifanya kile ambacho mkadiriaji yeyote makini angefanya akiona neno pambo wakati fedha hazitoshi. Alikifuta, akatuma jedwali jipya, na ofisi ikalirudisha likiwa na sahihi.

Yeyote anayelijua jengo la Kahn ameshaona kilichofutwa. Kule Kimbell, chini ya kila mwanya kuna bati la alumini lenye matundu, lililobuniwa kwa ushirikiano na Richard Kelly, mtaalamu wa mwanga. Bati hilo hulizuia jua lisishuke moja kwa moja, hulirudisha juu kwenye zege la kuba, na zege ndilo linaloutawanya mwanga chini. Ile rangi ya fedha inayosifiwa ni jua lililokwisha kugonga mahali pawili kabla ya kufika machoni. Ukiondoa bati unabaki na tundu la paa.

Mchoraji hakuwa amesoma habari za Kelly. Alichokuwa nacho ni mashaka. Alipokuwa akichora upya sehemu ya paa bila zile mbawa, alijiuliza jua la saa sita litakwenda wapi. Akakata kadibodi, akatengeneza modeli ya kuba moja kwa kipimo cha 1:20, akaweka meza ndogo ndani na kuacha upande mmoja wazi wa kuchungulia. Aliitoa nje ya ofisi asubuhi, akaielekeza kama jengo litakavyoelekea, na kila nusu saa akachora kwa penseli ukingo wa mstari wa jua ulipofika. Jioni sakafu ya modeli ilikuwa na mistari kama ngazi, kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Kati ya saa tano na saa nane mstari wa jua ulikuwa juu ya meza.

Jua la moja kwa moja wakati wa adhuhuri hufikia kiasi cha laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali). Meza ya kusomea huhitaji kama 500. Mtu aliyekaa kwenye mstari ule hawezi kusoma, na jirani yake aliye kivulini hawezi pia, kwa kuwa jicho limeshajifunga kwa ajili ya ule ukali ulio pembeni. Tena kioo kikipitisha mwanga wa jua kinapitisha na joto lake, na ukumbi huu haukuwa na viyoyozi.

Alimwendea Msanifu Mkuu na modeli mkononi. "Mzee, jua hili litatuangukia mezani," alimwambia, na akamwonyesha mistari. Mzee aliitazama kwa muda, akasema waiongelee kwenye kikao cha wiki. Kikao kile kilikuwa na mambo mengine, na modeli ikakaa juu ya kabati wiki mbili. Bango lilikuwa limeshasimama langoni, na nadhani hilo lilikuwa zito kuliko alivyokiri.

## Maamuzi na sababu zake

Kilicholirudisha jambo mezani ni mkandarasi kuomba michoro ya vioo. Msanifu Mkuu aliishusha modeli, akaitoa nje yeye mwenyewe saa sita, na akarudi ndani akiita kikao. Hapa nampa heshima yake: hakutafuta wa kumlaumu, na aliwaita wote, mhandisi na mkadiriaji wakiwamo.

Zilikuwapo njia tatu. Ya kwanza ni kurudisha mabati ya alumini. Mkadiriaji alionyesha kwamba fedha hazipo, ila kwa kupunguza idadi ya viti. Ya pili ni kuuhamisha mwanya, usiwe utosini bali kioo kisimame wima upande usiopigwa na jua. Mhandisi aliikumbusha timu kwamba kwenye tropiki jua hupita upande wa kaskazini sehemu ya mwaka na upande wa kusini sehemu nyingine, na mara mbili kwa mwaka huja utosini kabisa, kwa hiyo upande wa kudumu wa kivuli haupo. Kioo cha wima kingehitaji kofia ndefu pande zote mbili, na hapo umbo la kuba lingekuwa limeshavurugika.

Njia ya tatu ilitoka kwa mmoja wa wahitimu. Alifungua wasifu, akauliza kwa nini picha ya Gando imo humo ikiwa haijawahi kutumika. Wakaanza kuisoma ile shule kwa namna mpya, kipande kwa kipande, wakiuliza kila kipande kinafanya kazi gani. Kuta ni za matofali ya udongo yaliyoshindiliwa. Dari ni ya matofali yaliyopangwa na kuachiwa nafasi ili hewa ya moto ipande na kutoka. Juu yake, paa la bati limeinuliwa na kenchi nyepesi za nondo, kwa hiyo bati linapochomwa na jua, upepo unapita katikati na kuondoa joto kabla halijafika darini. Kingo za paa zimetoka nje sana, zinazuia jua na mvua zisipige kuta.

Shida yao ilikuwa joto na jua, na kila kipande cha Gando kilijibu mojawapo. Makuba yaliachwa. Ukumbi ukapata paa mbili: dari iliyotobolewa chini, bati lililoinuliwa juu, na madirisha membamba yaliyopita juu ya kuta, chini ya ukingo mrefu wa paa. Kutoka Kimbell walibakiza kitu kimoja tu. Kingo za dari zilipindwa na kupakwa rangi nyeupe, ili mwanga unaoingia kwa madirisha ya juu uzigonge kwanza ndipo ushuke mezani. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi bora wa kazi nzima, kwa kuwa ulichukua kutoka kwa Kahn lile hasa lililofanya jengo lake lisifiwe na kuacha umbo ambalo wengi hulikumbuka.

Lilibaki la kumwambia mteja. Mwenyekiti wa kamati alikasirika, na alikuwa na haki. Aliuziwa picha, na sasa anaambiwa picha haitakuwapo. Msanifu Mkuu hakupeleka hotuba. Alikwenda na Mchoraji na modeli mbili, ya zamani na mpya, wakaziweka uwanjani adhuhuri na kumpa mwenyekiti karatasi iliyochapwa maandishi aitie ndani ya kila moja na kuisoma kupitia upande ulio wazi. Alisoma ya pili, ya kwanza akashindwa. Bango liliondolewa wiki ile.

## Matokeo

Nilipofika baada ya mwaka mmoja, ukumbi ulikuwa umejaa, na taa zilikuwa zimezimwa saa saba mchana. Viti vilivyo karibu na kuta vilikuwa na mwanga wa kutosha na usioumiza. Meza za katikati zilipwaya siku za mawingu mazito, na wasomaji walikuwa wameshajifunza kuzikwepa siku hizo. Hewa ilikuwa nzuri kuliko nilivyotazamia.

Mvua ndiyo iliyokuwa tatizo. Bati lililoinuliwa peke yake ni ngoma, na dari iliyotobolewa haizuii sauti. Mvua kubwa ikinyesha, mhadhiri akiwa na kikundi chake mezani hasikiki. Jambo la pili, nafasi kati ya dari na bati haikuachiwa mlango wa fundi. Vumbi na viota vya ndege vilikuwa vimeanza kuziba matundu ya dari, yaani zile njia zenyewe za kutolea joto, na hapakuwa na namna ya kupanda kuyasafisha bila kung'oa mabati.

Tokeo jingine halikuwa la jengo. Miezi kadhaa baada ya makabidhiano, ofisi iliomba kazi nyingine kubwa, na wasifu mpya ukaweka ukumbi huu ukurasa wa mbele. Chini yake palikuwa na jina moja. Kwenye usaili, mjumbe wa jopo aliuliza ni nani aliyepima mwanga na kwa njia gani. Msanifu Mkuu alimtaja Mchoraji, akisema kweli tupu. Mjumbe akauliza kama mtu huyo atakuwamo kwenye kazi hii. Hakuwamo. Alikuwa ameacha kazi mwezi uliotangulia, siku chache baada ya kuuona wasifu uliochapwa. Ofisi haikupata kazi ile. Siwezi kusema ilikosa kwa sababu hiyo pekee, ila mwanzilishi mwenyewe ndivyo anavyoamini.

## Uchambuzi

Wengi niliowasimulia kisa hiki humlaumu mkadiriaji. Mimi naona alifanya kazi yake kwa taarifa aliyopewa. Kosa lilikuwa kwenye maandishi ya mchoro. Kipande kinachobeba kazi yote ya mwanga kiliitwa pambo, na hakuna mtu katika ofisi nzima aliyeliona jina hilo kuwa la uongo, kwa sababu hakuna aliyejua kipande kile kinafanya nini. Walikirithi kutoka kwenye picha. Kama mchoro ungesema "kizuia jua, usikiondoe bila kumuuliza msanifu", mkadiriaji angepiga simu. Ofisi inayochora kitu ilichokiona kwengine lazima iandike kazi ya kila kipande kwenye mchoro wenyewe, maana wanaosoma mchoro hawakuwapo siku wazo lilipozaliwa.

Nyuma ya hilo liko jambo lililo zito zaidi kwangu. Wasifu ulimtaja Kahn peke yake. Ukimtaja Kahn peke yake, Kimbell inaonekana kuwa umbo lililotoka kichwani mwa mtu mmoja, na umbo unaweza kulikopi. Ukimtaja Kahn pamoja na Komendant na Kelly, swali linakuja lenyewe: hapa kwetu hesabu za paa atafanya nani, na mwanga ataupima nani? Ofisi ingejiuliza hivyo tangu mwanzo, ingemlipa mtu wa mwanga, au ingegundua kwamba inaye, ameketi mezani pake akichora. Kufutwa kwa bati na kufutwa kwa jina la Mchoraji naviona kuwa kitu kimoja. Vyote viwili vimetoka katika tabia ya kulisoma jengo kama kazi ya jina moja.

Tabia hiyo si ya ofisi ndogo tu. Mwaka 1991 tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa kuliko zote katika usanifu, alipewa msanifu Mmarekani Robert Venturi peke yake, ingawa Denise Scott Brown alikuwa mke wake na mshirika wake katika kazi na mawazo kwa miongo. Mwaka 2013 wanafunzi wa usanifu wa Chuo Kikuu cha Harvard walianzisha ombi la kutaka naye atambuliwe, na waliotia sahihi wakawa maelfu, Venturi mwenyewe akiwamo. Waandaaji wa tuzo walikataa. Kama hali ni hiyo kwa msanifu mwenye sifa dunia nzima, mchoraji mwenye stashahada hana wa kumsemea, isipokuwa ofisi yake iamue.

Picha ya tatu ya wasifu, Eastgate, haikutumika kwenye ukumbi huu, lakini ina somo ambalo ofisi ililikaribia bila kulijua. Jengo lile husifiwa kwa kuiga kichuguu. Miaka ya baadaye watafiti waliochunguza vichuguu walionyesha kwamba joto la kiota cha mchwa hufuata zaidi joto la udongo unaokizunguka, na kwamba kazi kubwa ya kichuguu ni kubadilishana gesi, si kupoza. Hata hivyo Eastgate inafanya kazi, kwa kuwa Pearce na wahandisi wa kampuni ya Arup hawakuishia kwenye mfano. Feni huvuta hewa baridi ya usiku ipite ndani ya sakafu nzito za zege, zege likapoa, na mchana likapokea joto la watu na mashine. Mchwa waliwapa swali zuri, jibu likatoka kwenye hesabu. Sentensi ya wasifu, "jengo linalopumua kama kichuguu", ilibeba mfano na kuacha hesabu, kama vile sentensi ya Kimbell ilivyobeba rangi na kuacha bati.

Kuhusu modeli ya kadibodi nina la kusema kwa sauti, kwa sababu vijana wengi huidharau. Ofisi ilikuwa na programu ya kompyuta ya kupima mwanga. Hakuna aliyeifungua, kwa kuwa matokeo yake yangekuwa rangi kwenye skrini ambazo mwenyekiti wa kamati hangezielewa. Mwanga una sifa moja ya ajabu: katika modeli yenye vipimo na rangi sahihi hutenda karibu sawasawa na jengo lenyewe, jambo ambalo huwezi kulisema kuhusu joto, sauti wala nguvu za muundo. Kwa hiyo kadibodi ilitosha kwa mwanga. Haikutosha kwa kelele za mvua, na hapo ndipo timu ilipolala. Waliisoma Gando kwa makini wakitafuta kivuli na hewa, ambavyo ndivyo vilivyokuwa vikiwasumbua wiki ile, na hawakuuliza bati lililo peke yake juu ya kenchi litasemaje siku ya mvua kubwa, wala nani atapanda kufagia. Kusoma kazi ya kipande kunapaswa kwenda hadi miaka yake ya kutunzwa.

Wiki mbili za modeli juu ya kabati nazo zilikuwa na bei. Zingekwisha vibaya kama mkandarasi angekuwa na haraka kidogo tu na kuagiza vioo. Mchoraji hakuwa na mahali pa kupeleka shaka lake zaidi ya mlango wa bosi. Sasa ofisi ina utaratibu kwamba mtu yeyote anaweza kusimamisha mchoro mmoja kwa siku tatu kwa kuandika sababu, na wasanifu wawili lazima wamjibu kwa maandishi. Nimeliona daftari lake, na mengi ya yaliyomo yameandikwa na wahitimu.

Wasifu nao umebadilika. Kila jengo lina orodha ya majina na kazi ya kila mmoja, mkadiriaji na wasimamizi wa ujenzi wakiwamo, na Mchoraji ametajwa kwenye ukumbi ule kwa idhini yake ingawa hayupo tena. Alikataa kurudi, na ofisi alikokwenda sasa anaongoza kazi za mwanga. Chini ya picha ya Kimbell yapo majina matatu na maelezo ya bati la alumini. Eastgate imeondolewa mpaka mmoja wao aende akaione. Ya Gando imebaki, na pembeni yake Msanifu Mkuu ameongeza kwa mkono maswali mawili, la mvua na la ufagio. Kwa la pili wameshachora mlango wa fundi kwenye ukingo wa paa, na chuo kinatafuta fedha za kuufungua.